Mwaka wa Msingi

Usiku wa mdahalo, studio moja ya Mikocheni,
walimpaka Dakta Rwezaura poda usoni asing'ae.
Nami nilikaa nyuma ya kamera, kabrasha lake mapajani,
majedwali saba niliyoyapanga mwenyewe,
na kikombe cha chai ya maziwa ambacho hakuna aliyekiomba.

Upande wa pili, Bi Nakivona.
Walisoma pamoja pale Mlimani,
wakafundishwa na mwalimu mmoja
kuchora mstari mmoja wa bei.
Sasa mstari ule una vyama viwili.

Dakta akasema: bei zimetulia.
Bi Nakivona akasema: bei zimepaa.
Na hakuna aliyedanganya,
hilo ndilo lililonikosesha usingizi.
Mmoja alianza kuhesabu mwaka wa ukame,
maharage yaliposhikika kwa ngazi;
mwingine alianza mwaka wa mvua njema.
Chagua pa kusimama, na mlima utakuwa mteremko.
Mwamba ngoma huvutia kwake, tunajua.
Lakini hawa wanaamba ngozi moja,
na ngozi ni sisi.

Kisha ukaja ushuru wa mafuta ya kula.
"Unamjenga mkulima wa alizeti," akasema Dakta,
sauti imenyooka kama rula.
Nikahisi karatasi ikinichoma chini ya kabrasha.
Niliiokota kwenye kabati lake mwezi wa tatu,
mwandiko wake, wino wa kijani, miaka tisa iliyopita:
*Mlipaji wa ushuru huu si meli. Ni kikaango.*

Nilikwisha kuitafuta takwimu iliyombadilisha.
Nilipekua rejea, viambatisho, tanbihi.
Nikakuta barua ya uteuzi.

Naye Bi Nakivona, tusimwonee mmoja:
enzi zile yeye ndiye aliyeutetea.
Wamebadilishana viti tu,
na kila kiti hoja zake zimebandikwa chini
kama bazoka ya mtu aliyetangulia.

Nilitaka kusimama. Nisome wino ule mbele ya taa zote.
Nilijiona msafi, kwa kitambo kile,
kama sahani ya mgeni.

Ndipo jedwali la nne likanitazama.

Sokoni Tandale, Siwatu anauza mafuta ya kupima.
Akimimina, hungoja mapovu yatulie
ndipo asome kipimo. Kwa kila mteja.
Hata dada yake wa tumbo moja nilimwona akingojeshwa,
akinuna, mkono kiunoni.
Siwatu aliniambia: "Wateja wangu hawakupungua, mwanangu.
Andika."
Nikaandika, kwa penseli.
Lakini mimi ushuru ule siupendi,
sijawahi kuupenda tangu nikiwa mwaka wa pili,
na nilipofika ofisini nikamfuta,
nikaweka chini, kwa herufi za sisimizi:
*taarifa hazikukamilika.*

Zilikamilika.
Hazikukamilika kwangu.

Likaingia tangazo la sabuni.
Dakta akageuka, poda imeanza kupasuka kwenye mikunjo:
"Tumsifu, la nne liko wapi?"
Nikachomoa kalamu. Nikamrudisha Siwatu mahali pake,
safu ya tisa, *mauzo hayakupungua*,
tarakimu ambayo ingemsaidia yeye na kuniumbua mimi.
Mkono ulikuwa mzito, sisemi uongo;
nilitamani niandike kwa mwandiko usiosomeka.
Kisha juu yake nikaweka karatasi ya wino wa kijani.

Akazipokea zote mbili.
Wino wake aliutambua kabla ya maneno:
niliona kidole gumba kikisogea,
taratibu, kikafunika neno *kikaango*.
Akanitazama. Hakukasirika.
Alinitazama kama mtu anayeulizwa njia
ya mtaa aliozaliwa.

Mtu wa kamera akahesabu kwa vidole: tatu, mbili.
Taa nyekundu ikawaka.

Akasoma moja.

Chai ilikuwa imeshika utando.