Kijiko cha Mawese

Fundi Ntakije kaleta vipande vitatu,
kavipanga juu ya ndoo iliyopinduliwa.
Graniti nyeusi: uso wangu umo ndani yake,
na bei, ikitajwa, mume wangu hukohoa.
Mninga wa Tabora, ulioshuka na treni,
unanukia hata kabla ya randa.
Cha tatu saruji tu, iliyopigwa niru
kama sakafu ya mama, Ujiji.

Sikuuliza kipi kizuri.
Nilichota mawese ya moto,
nikamwagia kila kimoja kijiko,
nikaenda zangu kuanua dagaa.

Jioni nikarudi na kitambaa na majivu.
Mninga ulikuwa umekunywa; doa
halikutoka hata kwa kisu.
Graniti ilifutika mara moja,
kama vile hatujawahi kukutana.
Saruji ilibaki na wekundu mwepesi,
hina ya mkononi
siku ya nane baada ya harusi.

"Hii," nikasema.
Fundi akacheka: "Yenye doa?"
Yenye doa.
Migebuka nitaipara hapo, kaa la moto litaangukia hapo,
na ikipasuka, saruji ya kuziba
ipo hapa Katubuka, kwa Mwajabu,
tena kwa mkopo.