Tundu la Kwanza

Nyumba inanuka rangi na gundi ya vigae.
Lifti bado imevaa nailoni yake,
na swichi ya jikoni ina kibandiko
kilichoishinda kucha yangu.
Mimi ndiye mpangaji wa kwanza, ghorofa ya tano, Ngara.
Hakuna aliyewahi kununa humu.
Hakuna aliyeunguza maharagwe.
Nikikohoa, kuta zinanirudishia kikohozi changu
kama mwenye duka anayekataa noti iliyochanika.

Gitahi, dalali, alinisomea mkataba akiwa wima,
funguo zikimlilia mfukoni:
kodi tarehe tano, maji ya kisima, taka Jumanne,
na kila tundu la msumari
shilingi mia tano, kutoka kwenye dipoziti.
"Ukuta ni mpya," akasema,
kama mzazi asiyetaka mwanawe abebwe na wageni.

Nikatia sahihi. Wangeandika mia tisa ningetia.
Nimetoka Rongai mimi,
miaka tisa ya kuamka saa kumi na robo,
na saa ya ukutani ambayo dada yangu Kerubo
aliisukuma mbele dakika ishirini na tano
ili ituogopeshe.
Tulijua inadanganya.
Tuliitii hata hivyo, viatu mkononi.

Sasa natembea.
Nampita mama wa mayai ya kuchemsha,
nateremka hadi Globu, navuka ule mto
ambao pua huuona kabla ya macho,
napanda Kijabe. Bustani ya Jevanjee
mhubiri amekwisha kufungua jehanamu, saa moja na nusu kamili,
na wasikilizaji wake watatu wanakula karanga.
Kisha Mtaa wa Biashara, ninakosaga vioo vya miwani
vya watu wasioona mbali.
Dakika ishirini na mbili.
Ishirini na nne nikikutana na mtu wa kusalimiana naye,
na nimeanza kukutana nao.

Mia mbili ya nauli, kila siku, inalala mkobani
haijui pa kwenda.

Saa ya Kerubo nayo ilikuwa chini, imeegemea ukuta,
siku ya kumi na moja, ikisoma magoti yangu.
Nikapiga hesabu: siku mbili na nusu za kutembea
ni tundu moja.
Naweza kununua tundu!
Lakini wapi? Ukuta mpya hausemi mishipa yake ilipo.

Ng'ambo ya roshani, hatua chache za hewa,
jengo jingine linapanda.
Wenzake walimwita Musyimi. Nilikuwa na nyundo mkononi,
akaniona.
"Hiyo nyumba ni mimi nilipiga plasta."
Nikamuuliza nigonge wapi.
Hakucheka. Alifumba macho,
akapapasa hewa kwa kiganja, taratibu,
kama anayetafuta homa kwenye paji la uso.
"Toka dirishani, hatua mbili. Juu ya kichwa chako, shibiri.
Usiende kushoto, kuna waya.
Hapo nyuma kuna jiwe la Ndarugo, zuri. Litashika."

Nikamuuliza anakaa wapi.
Joska, akasema, huondoka kwake saa tisa,
akarudi kwenye saruji yake.
Jengo lake likiisha litanizibia jua la asubuhi.
Sote wawili tunajua. Hatukulitaja.

Nikagonga mara nne.
Vumbi jeupe likanishukia kwenye kope,
na kutoka ghorofa ya tatu, tupu nilivyodhani,
mtu akagonga dari yake kunijibu.

Nilipoitundika saa, nikapeleka kidole nyuma yake
nikarudisha akrabu, dakika ishirini na tano,
kidogo kidogo, kama mtu anayehesabu chenji ya mwenzake.

Jumatatu nilichelewa kazini.
Dakika nne,
kwa miguu yangu mwenyewe.