Mwenyeji, Akipita

Kitabu kimefika Tabora mgongo ukiwa umevunjika.
Sanduku la msaada lilikuwa na aljebra,
adabu za mezani, maisha ya sungura,
na hiki kimoja, kizito kama tofali bichi,
kilichochapwa na kamati ya akina mama
wa wilaya fulani huko magharibi ya Kanada
miaka sitini baada ya babu zao kushuka garimoshi.

Mimi kazi yangu ni gundi:
unga wa muhogo, maji, mrututu kidogo kwa ajili ya mende,
shashi, uzi, pasi ya mkaa.
Kusoma sikuagizwa. Lakini gundi hukauka polepole,
na mkono ukishika ukurasa, jicho lifanye nini?

Kila ukoo umepewa ukurasa wake.
Wameandika wenyewe, bila haya:
maji yaliyoganda ndooni, kando ya jiko linalowaka;
nyumba ya mabonge ya udongo yaliyokatwa na nyasi zake,
mvua ikinyesha siku moja nje, siku mbili ndani.
Bei ya jembe la kukokotwa. Orodha ya mbegu.
Tangazo la shirika la reli: mashamba bure,
ngano imechorwa ndefu kuliko mtu.
Na pembeni, kwa penseli, mwandiko wa hasira:
*Si kweli. Ng'ombe yule alikuwa mweusi.*
Nikacheka peke yangu. Nyamizi wa masjala akachungulia.

Nilicheka kwa kuwa mtu huyo namjua.
Ni shangazi Kalunde, kila matanga,
akimsahihisha baba habari za Urambo:
mwaka walipopewa ekari za tumbaku,
miyombo ikiangushwa, ndorobo wakifyonza shingo,
bani la kwanza likateketea na mavuno yote.
Usiku, asema baba.
Alasiri, asema shangazi, nilikuwa nasukwa nywele.
Sisi hatuna ukurasa. Tuna shangazi,
na shangazi ana presha.

Ukurasa wa mia mbili na kumi na mbili ulikuwa umeng'oka.
Picha: watu saba, nyumba, farasi.
Chini yake majina, kushoto kwenda kulia.
Farasi pia ana jina.
Na ukingoni, nusu ya bega nje ya picha,
mwanamume mwenye blanketi, hakuitazama kamera.
Yeye kapewa neno tu. Nikalitafuta,
kamusi ikanipa: mwenyeji.
*Mwenyeji, akipita.*

Nikasoma tena. Tangu lini mwenyeji akapita?
Apitaye ni mgeni. Mwenyeji hubisha? Hubishiwa hodi.
Na juu, ukurasa uleule, sentensi imenyooka kama reli:
*Tulipofika, nchi ilikuwa tupu.*

Gundi ikaanza kufanya ngozi koponi.

Maana baba naye alisema hivyo. Pori tupu, mwanangu.
Na palepale mlangoni petu Urambo
palikuwa na jiwe, limebonyea katikati
kama kiganja kinachoomba,
laini, laini ya miaka ya mtama na magoti.
Tulilikuta, mama alisema, akasagia.
Hakuna aliyeuliza nani alitangulia kupiga magoti hapo.
Masika, kuku walikunywa humo.

Ukurasa nimeubandika. Kitabu nimekibana
chini ya matofali mawili na betri mbovu ya gari.
Kesho kitakuwa rafuni, baina ya nyuki na madini;
atakayekiazima simjui.

Jioni, treni ya Kigoma imechelewa kama desturi,
nimeomba daftari kwa Nyamizi, kurasa za nyuma,
nikamwandikia shangazi ukurasa wake:
bani, alasiri, nywele.
Kisha jiwe.
*Jiwe hili lilikuwa la*
nikakwama.
Nikampigia simu. Hajui.
Nimuulize nani, akasema,
wote ninaowajua tulifika pamoja.

Nimeacha nafasi, upana wa jina moja.
Halafu nikafuta, nikaacha mistari mitatu.
Anayesaga mtama hasagi wa kula peke yake.