Jibu la Swali la Kwanza

Barua ya Hilkka ilifika Oulu Jumatatu,
ya karatasi, stempu yake ndege nisiyemjua:
"Nilichagua Vaasa. Simu ikaniandikia Vaasa.
Nikavaa kofia, nikarudi, nikalipa bila miwani.
Nikashuka Kuopio nikidhani nabadilisha treni.
Dada yangu alizikwa Vaasa, saa tisa."

Hakutukana. Laiti angetukana.

Nikafungua kumbukumbu za seva, mstari kwa mstari,
hadi asubuhi ile, saa mbili na dakika kumi na nne:
kidole kiliteleza kikagusa Kuopio,
akajirekebisha, Vaasa. Maombi mawili,
kati yao sekunde moja na nusu.
La pili likaenda, likarudi na habari zake.
La kwanza likakwama, sijui wapi,
pengine kwenye mnara uliogandiana na theluji nje ya Kajaani,
kisha jibu lake likaja likihema,
na ukurasa, ukurasa nilioandika mimi,
ukalipokea kama mgeni wa heshima,
ukaiinua Vaasa kitini.

Kawia ufike, husemwa.
Wapo ambao heri wangekawia wasifike.

Eerikki, meza ya pili, anamenya chungwa:
"Kila ombi lipe namba. Jibu likirudi, liulize namba yake.
Kama si ya mwisho kutoka, lifungie mlango."

Mistari minne. Nilimaliza kabla ya chungwa.
Nikaudhoofisha mtandao makusudi, nikabofya kama mtoto,
Kuopio Vaasa Kuopio Vaasa,
na majibu ya zamani yakaja, yakabisha,
yakafia nje bila kelele.

Mistari minne tu.
Miaka miwili ilikuwa haipo.

Jumanne nikamwandikia Hilkka. Nikaweka neno "hitilafu",
nikaweka "kwa nadra sana", nikatia sahihi ya idara.
Alhamisi sikuweza kulala. Nikaandika nyingine kwa mkono:
kosa ni langu, na pole kwa dada yako.

Posta ina barabara zake, na theluji haijui Jumanne.
Jibu lake limekuja leo:
"Nimepata barua zako mbili.
Ya mwisho kufika inasema hitilafu.
Niamini ipi?"

Nimekaa. Eerikki ameshakwenda nyumbani.
Nimechukua karatasi ya tatu,
na kabla ya jina lake, kabla ya tarehe,
nimeandika juu kabisa, kwa kalamu nzito:
3