Sauna Ina Mlango

Nyumba hii ilifundishwa kazi moja tu:
kushika joto, isiliachie.
Vioo vitatu kila dirisha,
milango yenye midomo ya mpira.
Miaka hamsini haijakosea,
na hata sasa, Julai, wiki ya tatu,
inashika, inashika,
kama mlinzi mzee ambaye hakuna aliyemwambia
zamu imekwisha.

Napanda ngazi, mkoba wa dawa begani.
Lifti naikwepa, ni chungu chenye kifuniko.
Ghorofa ya nne, Hilkka Moilanen,
miaka themanini na minane,
kavaa soksi za sufi.
"Miguu imezoea," asema.
Kipimajoto cha jikoni: thelathini na mbili.
Saa nne za usiku, na jua la Kajaani
lingali limekaa juu ya paa la duka
kama mgeni aliyekula, akashiba, akaaga,
asinyanyuke.

Namwambia anywe maji. Anakunywa kahawa.
Namwambia afungue dirisha. Mbu, asema.
Namwambia joto hili linaua, mama,
Jumatatu tulimkuta Veikko wa jengo la pili
kitini, redio inaongea.
Ananitazama kama mtoto aliyetukana kanisani.

"Mimi nilizaliwa ndani ya sauna,
juu ya benchi la mbao, mama kauma kitambaa.
Kila Jumamosi nimekaa humo, mawe yanafoka,
nyuzi tisini, na sijafa.
Wewe ndiye wa kunifundisha joto?"

Jibu sina. Nina mfuko wa vitunda vya msituni
nilioutoa kwenye friza yake,
alivyovichuma mwenyewe mwaka jana, kainama siku nzima.
Namwekea shingoni.
Vinaanza kulia vyekundu ndani ya kola.
Anafumba macho. Kimya. Kisha, polepole,
kama mtu anayepapasa funguo gizani:

"Lakini sauna ina mlango."

Ina mlango, ndiyo,
na nje ya mlango pana ziwa,
na kati ya mlango na ziwa hatua kumi na mbili
za mtu uchi anayecheka.
Hili la sasa tulitoke twende wapi?
Ziwa lenyewe limeota ukungu wa kijani,
kibao kimechomekwa ufukoni: msioge.

Usiku ule Taisto, mtunza jengo, alifungua handaki.
Lilichimbwa chini yetu kwa ajili ya ndege za adui.
Hazikuja, tukalijaza baiskeli,
mbao za kutelezea thelujini,
vigari vya watoto ambao sasa wana ndevu.
Nyuzi kumi na sita! Watu wakashuka na magodoro.
Waliosalimiana kwa kidevu miaka kumi na mmoja
wakajuana mikoromo.
Siiri alimlaza mchanga wake kwenye sakafu ya saruji,
uchi, anang'aa kama samaki,
na hakuna aliyesema neno, ila mmoja
aliyesogeza baiskeli yake.

Hilkka alisimama kwenye mlango wa chuma, hakuingia.
"Mara ya mwisho nilibebwa," alisema.
"Nilikuwa na miaka minne. Asubuhi tulipotoka
nyumba haikuwepo. Jiko tu. Jiko na bomba lake."
Akaugusa mlango kwa kiganja.
"Huu ukifungwa, unafunguka kwa ndani?"
Taisto akamwonyesha usukani wake.
Akauzungusha mwenyewe, mara ya kwanza, ya pili,
ya tatu, chuma kikalalamika,
ndipo akalala chini ya mbao za theluji,
akavuta blanketi hadi kidevuni, akanikonyeza:
"Umeziona soksi?"

Nilitoka saa nane. Nje kweupe, ukuta bado wa moto,
nikauweka mgongo kisha nikauondoa.
Kwenye orodha yangu yalibaki majina sita,
yote ya ghorofa za juu.