Chumba Kisichopata Jua

Bekunda alistaafu polisi na baiskeli moja,
makoti mawili, na miche ishirini ya matufaha
aliyoipandisha kwa lori mpaka kwetu Rubaya,
akaipanda pale mama mkwe alipolima mtama.
Watu walicheka. Tufaha, walisema, ni tunda la dukani,
lina kibandiko, halina mzizi.

Mwaka wa nne walikuja na vikapu.

Kulima si kazi, alinambia, kazi ni kuchelewesha.
Wote wanavuna Juni, wote wanauza Juni,
na Juni bei imelala chini kama mbwa aliyeshiba.

Akanifundisha kwa Kiswahili cha kambi ya Jinja,
lugha aliyonitongozea, akanigombezea hiyo hiyo:
Chuma alfajiri, umande ungali baridi.
Usivute. Zungusha, liachie kikonyo chake;
lisilo na kikonyo ni nyumba isiyo na mlango,
ugonjwa utaingia bila hodi.
Usilioshe, utalivua nta yake.
Lenye jeraha, hata la ukucha, tunalila leo.
Yaliyobaki, kila moja na blanketi lake la gazeti,
sandukuni, yasigusane,
kama makuruti kwenye gwaride.

Na ndizi?
Ndizi zitoke! Pumzi ya ndizi humwivisha jirani.
Viazi navyo, vikilala chumba kimoja na matufaha,
vinafumbua macho kabla ya siku zao.

Basi viazi vikahamia chini ya kitanda chetu,
ndizi zikaning'inia jikoni, zikishika moshi,
na kile chumba cha nyuma, kisichopata jua,
nilichokiombea cherehani yangu miaka miwili,
kikawa cha matufaha.
Sakafu ya udongo. Gunia bichi mlangoni.
Dirisha wazi usiku, asubuhi limefungwa
ili baridi ya Kigezi ilale ndani, isiamke.

Jumamosi, ukaguzi. Anapiga magoti, ananusa.
Moja limelegea ubavuni? Nje, kwa nguruwe.
Mimi nikamkumbusha samaki mmoja akioza.
Akasema, bila kuinua kichwa,
waliosema hivyo hawakuwa na tabia ya kukagua mtungo.

Mwaka huu alifunga masanduku matatu.
Yalikuwa hayajaisha wiki tatu, tukamzika.

Nikawa nafungua moja moja, jioni,
na kila tufaha lilikuja na habari zake:
bei ya saruji Mbarara,
mabao mawili ya timu ambayo sikuijua,
ng'ombe mwenye baka jeupe amepotea Ntungamo,
atakayemwona apige simu namba hii.
Septemba nikaiona ile namba tena, kwenye tufaha jingine.
Nikapiga. Haikupatikana.

Oktoba ganda lilianza kukunjamana kama goti langu.
Binti yangu Kyarisiima akanipigia kutoka Kampala:
Mama, nikununulie friji?
Nikamwambia friji ninayo, ina dirisha.

Novemba likabaki moja, pembeni kabisa.
Hili hakulifunga kwa gazeti.
Karatasi ya daftari, mistari ya buluu,
mwandiko wake unaoegemea kushoto kama mtu anayesukuma gari.
Moyo ukanipiga. Nikaisogeza dirishani, nikaisoma:

*Turyamureeba. Miche miwili. Elfu kumi na nane.
Hajalipa.*

Hilo la mwisho kalipigia mistari miwili.

Nilicheka mpaka nikakaa chini juu ya sanduku tupu,
na sijui ni wakati gani kile kicheko kilibadilika.

Kisha nikachukua kisu. Ndani jeupe bado,
halilii tena menoni kama lile la Juni,
lakini sukari yote imerudi katikati.
Nusu nikaila nimesimama.
Nusu nikaiviringisha kwa gazeti, ya Turyamureeba,
asije akasema nimekwenda mikono mitupu.
Karatasi nikaitia kifuani,
nikavaa koti moja la polisi, lile lenye vifungo vyote,
nikashuka kilima kabla hajatoka.