Duara la Nne

Mwaka ule walianza na jicho moja.
Nilichukua kifuniko cha ndoo, nikakizungushia penseli
ukutani kwa Kabula, pale Makoroboi,
nikajaza nyeusi, nikaweka doa jeupe la mwanga,
na simu ya watu wa bluu ikaanza kuutazama mtaa.

Masika yalipokwisha wakaja watu wa kijani.
Macho mawili. Kijana wao, Sospeter,
mwenye viatu visivyolijua tope la Mirongo,
akanionyesha picha:
"Fundi, hii inaona hata gizani."
Nikamwambia hata paka wa Kirumba anaona gizani,
mradi kuna dagaa. Hakucheka.
Alinilipa nusu; nusu nyingine, ukuta ukishakauka.

Bluu wakarudi na matatu.
Kijani wakarudi na matatu, na betri ya siku mbili.
Kabula akipokea bluu anapewa mwavuli na viti vya plastiki,
akipokea kijani anapewa kabati la kioo lenye taa.
Akapokea vyote. Alichotoa yeye ni ukuta,
na ukuta, alisema, haujawahi kukataa mtu.

Mimi hesabu yangu ya maendeleo iko hivi:
jicho moja, robo saa;
manne, shingo inauma mpaka Jumapili,
na ujira ni uleule wa jicho moja.
Huko wanakobuni sijui wanakula saa ngapi,
sijui kama nao wanaamshwa usiku:
"Wenzetu wameshatoa. Futa. Anza upya."

Usiku mmoja niliwafuta bluu
nikimulikiwa na simu yangu mwenyewe,
ya bluu, ya jicho moja,
yenye ufa kutoka pembe hadi pembe.
Ilinimulikia vizuri tu. Haikununa.

Ndipo Sospeter akataka jiwe.
Lile kubwa la Igogo, juu ya nyumba ya kina Bituro,
linaloonekana hata na aliye kwenye kivuko cha Kamanga.
"Maduara manne, fundi, kila moja kama tairi la lori.
Wenzetu hawajafikiria jiwe."
Hapo nikamheshimu kidogo.
Ni kweli, hawakuwa wamefikiria.

Nilipanda alfajiri na kamba na ndoo,
ziwa likiwa jeupe kama bati jipya.
Juu nikamkuta mjusi anaota jua,
kichwa chekundu, mwili wa bluu,
kampuni mbili ndani ya ngozi moja
na hakuna aliyemlipa.
Akajiinua kwa mikono mara tatu, akanipisha.

Duara la kwanza. La pili.
Kwenye la tatu mama Bituro akatoka na beseni:
"Lugembe! Hayo macho ndiyo yatakuwa yanatazama bafu letu?"
Nikatazama chini.
Magunia manne, ndoo, kandambili za mtoto,
na juu yake hakuna kitu, ni mimi tu na brashi.

Nikashuka.

Sospeter alipiga mara tisa.
Mvua ya mchana ikaniwahi lile la tatu halijakauka,
likatiririka jiweni mpaka kwenye majani.
Sasa wanaovuka kutoka Sengerema
wanaona macho mawili makavu na moja linalolia,
na kila mmoja ana maelezo yake.

Jana wamepiga watu wa bluu.
"Fundi, lile jiwe ni la nani?"
Nikasema la mama Bituro.
"Sisi tunatoka na matano. Anataka nini?"
Paa, nikasema. Paa la bafu, la bati geji nene,
na mlango unaofungika kwa ndani.
Kwanza hilo. Halafu mje tuzungumze macho.

Upande wa pili kukawa kimya,
kisha nikamsikia mtu anaandika.